Somo la Utafiti na Uandishi: Nasaha kwa Vijana Wetu Walioko Voi

Amma baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wake, twasema:

Kijana mmoja wa darasa letu, ambaye sasa yumo katika mwaka wake wa tatu huko Chuo Kikuu cha Taita Taveta, alitujia siku za likizo na maswali mawili. La kwanza ni kwamba walimu wake wamemtaka afanye utafiti na auandike mwenyewe, naye hajui aanzie wapi; kwani tangu utotoni amefundishwa kuhifadhi na kujibu, wala hakufundishwa kuuliza. La pili alilisema huku ameinamisha kichwa. Rafiki yake amemwonyesha kazi ya kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao kwa malipo, na kazi hiyo watu huiita kwa jina lile lile la elimu, yaani uandishi wa kitaaluma. Karo imemlemea baba yake, na fedha hizo zingelipa muhula mzima. Je, aifanye?

Tuliyatazama maswali haya mawili tukaona kwamba ni swali moja. Mtu hawezi kujua ni kitu gani auzacho mpaka ajue thamani yake. Kwa hivyo tutaanza na la kwanza, na mifano yetu yote tutaitoa katika nchi ile ile ya Voi na Taita anakosoma kijana wetu, apate kujua ya kuwa elimu haiko mbali na dirisha la chumba chake.

UTAFITI NI NINI?

Utafiti ni kuuliza swali ambalo jawabu lake halijulikani, au halijulikani sawasawa. Kisha kulitafuta jawabu hilo kwa njia ambayo mtu mwingine aweza kuifuata akahakikisha. Maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito. Anayesema "mimi najua" na asionyeshe amejuaje, huyo amesimulia tu, wala hakutafiti.

Chuo hicho, kilichopata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2016 na ambacho husifika khasa kwa elimu ya madini, hakikujengwa ili vijana wakariri yaliyokwisha kuandikwa. Kimejengwa katika nchi yenye vito, misitu ya milimani, tembo, na watu wenye khabari nyingi zisizoandikwa bado.

KWANZA: SWALI LIWE DOGO

Kosa la kwanza la mwanafunzi ni kuchukua swali kubwa kama bahari. Kijana wetu alitaka kuandika juu ya "Tembo wa Tsavo". Tukamwuliza: tembo gani, wa mwaka gani, na wamefanya nini? Mtu akitaka kuzungumza juu ya tembo wote wa Tsavo atamaliza umri wake hajamaliza utangulizi.

Tazameni walivyofanya wengine. Katika vijiji vya Sagalla, karibu na Voi, tembo hutoka mbugani usiku wakala mazao ya wakulima. Bibi Lucy King na wenziwe waliuliza swali dogo: mizinga ya nyuki ikitundikwa kuzunguka shamba, tembo wangapi watarudi nyuma? Walikaa na swali hilo miaka mingi wakihesabu pamoja na wakulima wenyewe. Matokeo waliyoyatangaza mwaka 2024 yalionyesha kwamba katika misimu ambayo mazao yamestawi, ua wa mizinga uliweza kuwazuia hadi asilimia 86 ya tembo waliokaribia. Walakini hawakukomea hapo. Walieleza pia ya kuwa ukame wa mwaka 2017 uliwapunguza nyuki mno, mizinga mingi ikabaki mitupu, na faida ikapungua.

Mwanafunzi na ajifunze mambo mawili hapa. Swali dogo lililoulizwa kwa subira limewafaa wakulima kuliko makala mia za kuwasifu tembo. Na mtafiti mwaminifu huandika la kumwangusha kando ya la kumwinua. Kwani lau wangeuficha ukame ule, mkulima angetundika mizinga katika mwaka mkavu, akalala akitumaini, akaamka shamba limekwisha.

PILI: KHABARI IPIMWE KABLA YA KUPOKEWA

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita mmoja wetu alisoma mbele ya darasa karatasi juu ya mji wa Voi, akasema kwamba jina la mji limetokana na mfanyabiashara ya watumwa aliyeitwa Kivoi, aliyekaa kando ya mto ule yapata miaka mia nne iliyopita. Sote tukatikisa vichwa kwa kuridhika. Khabari ilikuwa tamu, tena imeandikwa mahali pengi.

Baadaye mwanafunzi mmoja akauliza: Kivoi yupi? Kwani Kivoi mashuhuri katika vitabu, yule mkubwa wa Wakamba mwenye misafara, alionana na mmisionari Krapf mwaka 1849 na akauawa mwaka 1851. Mtu aliyekufa mwaka 1851 hawezi kuwa alihamia Voi miaka mia nne iliyopita. Basi ama huyo ni Kivoi mwingine, ama hesabu ya miaka ni mbovu, ama kisa chenyewe kimetungwa ili kulieleza jina. Lipi katika matatu? Hilo ndilo swali la utafiti, nasi tulilikalia muda wote bila ya kuliona, kwa kuwa tulipokea khabari kwa sababu tu imerudiwa na wengi.

Tuliona haya mara mbili, kwani sisi ndio tuliopaswa kuwa wa mwisho kuanguka katika shimo hilo. Sura ya Hujurat, katika aya yake ya sita, inatuamuru kuihakikisha khabari kabla ya kuitendea kazi. Na wanavyuoni wa Hadithi walipoiweka elimu ya isnadi hawakuridhika na wingi wa midomo. Waliuliza: huyu amepokea kwa nani? Je, alikutana naye? Walizaliwa lini na walikufa lini? Waongo wangapi walifichuliwa kwa hesabu ya miaka peke yake, pale mtu aliposema amesikia kwa shekhe aliyekwisha kufa kabla yeye hajazaliwa! Elimu ile tunayo mikononi, tunaisoma msikitini, kisha tukitoka nje tunaiacha mlangoni pamoja na viatu vya watu wengine.

Kwa hivyo, ewe mwanafunzi, kila khabari iulize maswali manne. Nani ameisema? Aliijuaje? Ameisema lini, karibu na tukio au baada ya miaka mingi? Je, yuko mwingine asiyehusiana naye aliyeishuhudia? Watu kumi walionakili kwa mtu mmoja ni shahidi mmoja, wala si mashahidi kumi.

TATU: KITABU KISIUZIBE MACHO

Wako wengine hukimbilia upande wa pili. Hawaamini ila kilichomo vitabuni mwao. Mwaka 1848 Johannes Rebmann, mmisionari wa Rabai, alipita katika nchi ya Wataita akielekea Uchagani. Kiongozi wa msafara wake alikuwa mtu wa pwani yetu aitwaye Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei Rebmann aliona juu ya mlima mrefu kitu cheupe. Alipomwuliza kiongozi wake, akajibiwa ya kuwa ni baridi tu. Naye akafahamu kwamba ni theluji. Khabari hiyo ilipofika Ulaya, bwana mmoja mwenye elimu kubwa ya jiografia, Desborough Cooley wa London, aliikanusha kwa nguvu. Hakupata kuukanyaga mwambao huu, lakini alikuwa na vitabu vyake na ramani zake, na katika ramani zake hapakuwa na nafasi ya theluji karibu na ikweta. Ubishi uliendelea mpaka mwaka 1861, Baron von der Decken alipoufikia mlima Kilimanjaro na kuthibitisha.

Hatusemi kwamba vitabu havina maana. Cooley aliyajua mengi kwa kusoma. Kosa lake ni kuwa alipotokea shahidi aliyeona, alimhukumu kwa kitabu badala ya kukihukumu kitabu kwa ushahidi. Mwanafunzi husoma kwanza ili ajue waliomtangulia wamesema nini, kisha hutoka akaona. Yakikhitalifiana yale aliyosoma na yale aliyoona, asione haya kuandika hitilafu hiyo. Pengine hapo ndipo penye faida ya kazi yake yote.

Na jambo jingine katika kisa hiki: jina la Rebmann lajulikana na kila mtoto wa skuli, ama Bwana Kheri humjui ila ukimtafuta. Aliyeijua njia, aliyezijua lugha, aliyeulizwa swali na kulijibu, ndiye aliyesahauliwa. Mwanafunzi wetu atakapokwenda Mwatate au Wundanyi akaongozwa na mzee wa huko, na akumbuke kwamba mzee yule ni mwenye elimu, si mpagazi wa elimu.

NNE: KUHESABU, NA KUKIRI MPAKA WA HESABU

Hakuna khabari ya Tsavo iliyozagaa kama ya simba wawili walioshambulia wafanya kazi wa reli mwaka 1898, daraja la mto Tsavo lilipokuwa likijengwa. Aliyewaua mwezi wa Desemba mwaka ule, J. H. Patterson, alitoa kitabu mwaka 1907 akataja Wahindi 28 walioliwa, na Waafrika wengi ambao, asema, hawakuandikwa idadi yao. Baadaye idadi iliyotajwa ikapanda hadi 135, na hiyo ndiyo watu waliyoishika, kwa kuwa ndiyo ya kutisha zaidi.

Basi wanachuoni fulani wa Marekani waliuliza: je, simba wenyewe waweza kutoa ushahidi? Ngozi na mafuvu ya wanyama wale yamo katika jumba la makumbusho la Field, mjini Chicago. Wakapima nywele zao na mifupa yao, kwani chakula alacho mnyama huacha alama mwilini mwake. Matokeo yao ya mwaka 2009 yalikisia kwamba simba wale wawili walikula watu wapatao 35. Nao hawakusema 35 kwa yakini. Walisema hesabu yaweza kushuka hata 4 au kupanda hata 72.

Mpumbavu husema: "Kumbe hawajui!" Mwenye akili husema: sasa nimejua wanajua kiasi gani. Aliyesema 135 hakuonyesha mpaka wa shaka yake. Aliyesema 35 ameuonyesha, tena tofauti ni hiyo hasa baina ya kisa na utafiti. Na zingatieni pia neno moja: hesabu hii ni ya walioliwa, si ya waliouawa. Simba aweza kuua asile. Mwandishi asiyetenganisha maneno mawili haya atampotosha msomaji hata kama kila tarakimu yake ni sahihi.

Lakini lililotuumiza sisi katika khabari hii yote ni lile neno "hawakuandikwa". Wahindi walihesabiwa kwa kuwa walikuwamo katika daftari la mishahara. Wataita na wengineo waliokufa hawakuwamo katika daftari la mtu. Asiyeandikwa huondoka duniani mara mbili. Ndiyo sababu twawahimiza vijana wetu waishike kalamu.

TANO: IDHINI NA ADABU

Kenya ya leo haimruhusu mtu kuingia kijijini akaanza kuhoji watu kwa jina la utafiti bila ya ruhusa. Iko Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, nayo ndiyo itoayo leseni ya utafiti. Na iko sheria ya mwaka 2019 ya kulinda khabari za watu. Mwanafunzi na amwulize msimamizi wake mapema karatasi gani zatakikana.

Lakini karatasi pekee haitoshi. Wataita wa kale walikuwa wakiyaweka mafuvu ya wazee wao katika mapango, na mahali hapo pana heshima yake. Dini yako si yao, walakini adabu ni ya watu wote. Usiende na kamera kabla hujakaa na wazee ukaeleza wewe ni nani, wataka nini, na maneno yao yatapelekwa wapi. Akikataa mtu, amekataa, wala usimzungushe. Na ukimaliza kazi rudi uwasomee ulichoandika. Wengi wamekwisha kuchukua Taita maneno na picha, hawakurudi hata kuaga.

SITA: KUPANGA MAANDISHI

Ukiisha kukusanya, andika kwa mpango huu. Eleza swali lako na kwa nini lina maana. Eleza waliotangulia wamesema nini na wapi wameacha pengo. Eleza ulifanyaje: wapi, lini, watu wangapi, maswali gani. Toa uliyoyakuta bila ya kuyapamba. Kisha, mahali pengine mbali na hapo, sema wewe waonaje. Usichanganye ulilolikuta na unalolidhani, kama vile mpishi hachanganyi mchele na chuya akisema mlaji atachagua mwenyewe.

Kila neno usilolizua mwenyewe mtaje mwenyewe. Ukinakili maneno yake, yatie alama. Ukichukua fikira yake kwa maneno yako, bado ni fikira yake, mtaje. Kutaja si kujidhalilisha. Ni isnadi yako, ndiyo imwezeshayo msomaji kukufuata nyuma hata chemchemini. Asiyetaja amekula mali ya mtu, kisha ameifunga njia ya wanaokuja nyuma yake.

Na kwa kuwa siku hizi imekuja mitambo ya akili bandia iandikayo insha kwa dakika moja, twaonya: mitambo hiyo hutunga hata majina ya vitabu ambavyo havikuandikwa na mtu. Mtambo haukwenda Sagalla, haukuwahesabu tembo, haukukaa na mzee. Ukiutumia, kwanza jua chuo chako kimeruhusu nini, sema umeutumia, na kila ulichopewa kipime kwa yale maswali manne.

JAWABU LA SWALI LA PILI: KUUZA KALAMU

Sasa, ewe kijana wetu, umekwisha kujua thamani ya kitu ulichotakiwa kukiuza.

Biashara hii si siri. Vijana wengi wa Kenya wenye elimu na wasio na kazi wameingia humo, na mwaka 2024 ilitolewa filamu juu yao iitwayo The Shadow Scholars, ikimfuata Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, mwenye asili ya Kenya. Twakiri ya kwamba wengi wao ni hodari. Mtu asiye na akili hawezi kuandika leo juu ya uuguzi na kesho juu ya sheria. Twakiri pia kwamba dhuluma imo ndani yake: maskini ndiye atoaye akili, tajiri ndiye avaaye joho.

Lakini dhuluma ya mnunuzi haimhalalishii muuzaji. Tazama kinachouzwa. Mwanafunzi wa ng'ambo huweka jina lake juu ya kazi yako na kumwambia mwalimu wake, "Mimi nimefanya." Huo ni ushahidi wa uwongo, nawe umeutengeneza. Mtu huyo akitoka na shahada ya uuguzi, atasimama mbele ya mgonjwa asijue lile aliloliandika mtu wa Voi. Australia mwaka 2020, na Uingereza mwaka 2022 kwa wanafunzi walioko England, zimetunga sheria za kuifanya biashara hii kuwa kosa. Lakini hata isingekuwapo sheria, sisi tungesema lile lile: riziki itokayo katika kudanganya, usiitie mdomoni.

Na hasara nyingine ni yako mwenyewe. Usiku ulioutumia kuandika swali la mtu wa Manchester ni usiku ulioutoa katika swali la Taita. Mashamba ya Sagalla, jina la Voi, majina ya wale wasioandikwa: haya hakuna mgeni atakayeyaandika kwa niaba yako.

Walakini hatutaki kuwa watu wa kukataza na kuondoka. Kijana amesema karo imewalemea, nasi, wazee wa mji, tutajibu nini? Harusi moja katika mtaa wetu hutumia kwa siku tatu fedha ambazo zingemsomesha kijana mwaka mzima. Twawapamba maharusi, twashindana kwa vyakula, kisha twamlaumu mtoto aliyeuza kalamu yake kwa njaa. Lawama hiyo nusu yake ni yetu. Darasa letu limekubaliana kuanzisha sanduku la karo, kila mwenye uwezo atie atakacho, na vijana watakaosaidiwa watalipa kwa kuwafundisha wadogo zao siku za likizo. Kazi za halali za kalamu pia ziko: kufasiri, kusomesha, kusahihisha lugha ya mtu aliyeandika mwenyewe. Kijana wetu ameahidi kuiacha ile kazi ya rafiki yake. Nasi tumeahidi, basi tusiwe sisi wa kwanza kuvunja.

MASWALI YA DARASA

1. Chagua khabari moja juu ya mtaa wako ambayo kila mtu huisema. Ni nani aliyeisema kwanza, naye aliijuaje?

2. Watu wapatao 35 na watu 135: ni kipi kilichomfanya msikiaji apende idadi iliyo kubwa? Je, wewe hupendi hivyo?

3. Mtaje mtu mmoja katika mji wetu mwenye elimu ambayo haijaandikwa. Nenda kwake kabla ya kikao kijacho, umwombe idhini, uandike ukurasa mmoja, kisha umsomee.

Atakayekuja bila ya jawabu la tatu asiwe na haya, ila asilete udhuru wa kwamba hakumpata mtu. Mji huu haujafikia hapo.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na atukinge na elimu isiyotufaa. Amin.